Siku Breki Zilipokataa

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimewagombeza wagonjwa wanaochelewa kuja kliniki. "Ulikuwa unasubiri nini?" ndilo swali langu. Basi leo niwasimulie jinsi mimi mwenyewe nilivyostahili kuulizwa swali hilo hilo, tena kwa sababu ya gari.

Mwaka 2017 mume wangu alipata kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, mkono na mguu, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida, moja moja. Kabla ya hapo gari letu, Toyota Corolla ya siku nyingi, lilikuwa mikononi mwake, wala hakuna fundi aliyeligusa. Baada ya kuugua, sanduku lake la spana liliingizwa chini ya kitanda, naye hakutaka mtu aliguse. Mimi nikawa dereva. Habari za matengenezo sikuzijua, na sikutaka kumuuliza nikamkumbusha alichopoteza.

Kila mwezi mimi na akina mama wa kanisani hupanda milima ya Usambara kupima wazee presha na sukari. Mwanzoni mwa 2019 nilianza kusikia chuma kikikwaruza chuma kila nilipokanyaga breki, na usukani ukawa unatetemeka. Nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Ada za watoto zilikuwa mbele yangu, nikajiambia kuwa breki zitangoja.

Njiani kuteremka Mombo

Siku moja ya Aprili mwaka ule tulikuwa tunatoka Lushoto kuteremka Mombo, akina mama wanne garini. Wanaoijua barabara ile wanajua kona zake: huku ukuta wa mlima, huku bonde. Nilikuwa kwenye gia ya nne, mguu juu ya breki muda wote. Nikasikia harufu ya kuungua. Kwenye kona iliyofuata nikakanyaga, na pedeli ikazama mpaka chini kama vile nimekanyaga sifongo.

Nilikanyaga tena na tena, mwendo ukapungua kidogo tu. Nikarudisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikanguruma. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo hadi gari likaegemea ukingo wa upande wa mlima. Hakuna aliyesema neno. Mikono yangu ilitetemeka hata nikashindwa kufungua mlango.

Breki ya mkono ilituokoa kwa sababu huvutwa kwa waya, haitegemei mafuta. Tulisubiri karibu saa nzima, breki zikapoa, pedeli ikarudi. Tukateremka kwa gia ya kwanza mpaka chini.

"Leta sanduku"

Nyumbani nilimweleza baba watoto kila kitu, pamoja na habari ya redio. Hakunikemea. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema maneno mawili: "Leta sanduku."

Nikamwambia, "Baba, tutaita fundi." Akatikisa kichwa. "Leta, Mama."

Jumamosi iliyofuata tulimweka kwenye kiti chini ya mwembe, na mimi na kijana wetu tukawa mikono yake. Alituonyesha kwa mkono wa kushoto. Tulianza kwa kuweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, na kulegeza nati kabla ya kuinua gari. Lilipoinuka tuliweka stendi chini yake, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Nimewahi kumpokea majeruhi wa jeki iliyoteleza, sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Vumbi la breki hatukulipuliza kwa mdomo. Tulilifuta kwa kitambaa chenye maji, maana si zuri kwa mapafu. Tulipofungua kalipa, ile inayobana diski, tuliifunga kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa mpira wake. Pedi zilikuwa zimekwisha kabisa. Diski zilikuwa na mifereji, na rangi ya bluu iliyotokana na moto. Pembeni mwa diski huandikwa unene wa chini unaoruhusiwa. Zetu zilikuwa zimepita hapo zamani.

Diski ya kwanza ilikuwa imeganda kwa kutu. Kijana akachukua nyundo. Baba yake akainua kidole: "Hapana." Akaonyesha matundu mawili madogo kwenye diski. Tulifunga boliti mbili humo, tukizikaza kwa zamu, na diski ikajisukuma yenyewe ikatoka. Kijana alicheka, na baba yake naye akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile kwa muda mrefu.

Tulisugua kutu yote kwa brashi ya waya, kwani uchafu ukibaki diski mpya hukaa upande. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Tuliziosha kwa sabuni na maji ya moto, tukazikausha. Tulibadilisha pande zote mbili, pamoja na pedi, kwani ukibadilisha upande mmoja tu gari huvuta upande.

Kutoa upepo

Kubadilisha diski peke yake hakulazimu kutoa upepo, ila mafuta yetu yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa. Ndicho kilichotupata Lushoto. Kwa muuguzi hilo halikuhitaji maelezo mengi: kila siku tunatoa hewa kwenye bomba la sindano na kwenye mpira wa dripu.

Kazi hiyo huhitaji watu wawili, mmoja kwenye pedeli. Kijana alikuwa anaongeza mafuta mapya, kwani chombo kikikauka hewa huingia na kazi huanza upya. Basi mume wangu akasema, "Mimi." Tulimsaidia kuingia kwenye kiti cha dereva, mara ya kwanza tangu augue. Alitumia mguu wa kushoto.

Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi, la nyuma kushoto, tukamalizia la mbele kulia. (Magari mengine yana utaratibu wake, tazama kitabu cha gari lako.) Nilichomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha nyingine ndani ya chupa. Nikasema, "Kanyaga." Akajibu, "Nimeshika." Nikalegeza nati, mafuta yakatoka na mapovu. Nikakaza. "Achia." "Nimeachia." Mara nyingi sana, hadi mafuta yakaja safi bila povu. Nilikuwa nimelala chini, uso una mafuta, namsikia mume wangu akijibu kila neno bila kukwama.

Mafuta yaliyobaki tuliyafungia kwenye kopo lake. Kamwe usiyaweke kwenye chupa ya soda. Ni sumu, na mtoto hajui tofauti.

Kabla ya kuondoka tulikanyaga pedeli mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, tukajaribu polepole uani. Jumatatu nilimpelekea fundi akague kila boliti. Alisema kazi ni nzuri, akauliza aliyeifanya. Nikamwambia, "Mume wangu."

Tangu hapo nikiteremka Lushoto natumia gia ndogo, injini inizuie, na redio nimeizima. Sanduku la spana halikurudi chini ya kitanda. Liko sebuleni, karibu na kiti chake, na vijana wa jirani wakikwama huja kumuuliza. Huwajibu kwa neno moja moja, nao husubiri.

Mama mwenzangu, kama gari lako linapiga kelele, usiongeze redio. Na kama kuna mtu nyumbani mwako aliyekaa pembeni kwa sababu ya ugonjwa, mwulize anachokijua. Mimi nilichelewa miaka miwili.