Usikubali mtoto akatwe kimeo

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako kwamba mjukuu wangu ana homa tangu jana, hata uji haumezeki, na jirani anakushauri umpeleke akakatwe kimeo. Nakusihi, usikubali. Kimeo hakina kosa. Kukikata kunaweza kumtoa mtoto damu nyingi hadi kuhatarisha maisha yake, na ugonjwa ukabaki palepale.

Maumivu mengi ya koo kwa watoto huletwa na virusi, na hupona bila antibiotiki. Ukiona kikohozi, makamasi, sauti kukauka au macho mekundu, yaelekea ni virusi. Tunayemwogopa ni bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A, ambaye huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Huyu huja kwa ghafla: homa, maumivu ya kumeza, mafindofindo yaliyovimba, pengine yenye utando mweupe, na tezi za shingoni zinazouma zikiguswa. Wengine huumwa kichwa au tumbo, hata kutapika. Mtoto wako ana miaka 7, na umesema hakohoi. Ndiyo maana nakuandikia upesi.

Lakini dalili peke yake hazitoshi. Nimetazama makoo ya watoto muda wote wa kazi yangu ya uuguzi, na najua jicho hudanganyika. Omba kipimo kwenye kituo cha afya. Watampitishia kijiti chenye pamba kwenye mafindofindo na nyuma ya koo. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika chache. Kuotesha vimelea maabara huchukua siku moja au mbili. Kama kituoni hakipo, tabibu ataamua kwa kujumlisha dalili zote. Apimwe na malaria pia, maana homa ni homa.

Akikutwa na bakteria huyo, atapewa penisilini au amoksilini ya kumeza kwa siku 10, au sindano moja ya benzathini penisilini. Mweleze tabibu kama penisilini imewahi kumdhuru. Vidonge vilivyobaki nyumbani usimpe. Na akianza kucheza siku ya tatu, usiikatize dozi. Bakteria huyu asipotibiwa, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili inaweza kuushambulia mwili wenyewe: viungo huvimba na kuuma, na milango ya moyo ikaharibika kabisa. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wamo wanaopasuliwa moyo kwa sababu hiyo. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, bado huzuia balaa hilo. Kwa hiyo muda wa kupima upo.

Mpeleke kesho asubuhi. Ila akishindwa kumeza hata mate, au akipumua kwa shida, usingoje kupambazuke: nendeni hospitali usiku huohuo, kisha unipigie simu.

Nawaombea heri.

Shangazi yako