Tulimwita msaliti, na binti yangu je?

Leo nina jambo la kukiri mbele yako.

Mnamo 2003, Stephen Cherono, kijana wetu wa Keiyo, alichukua uraia wa Qatar na jina jipya, Saif Saeed Shaheen. Agosti mwaka huo huo, mjini Paris, alimshinda Ezekiel Kemboi katika mbio za ubingwa wa dunia za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kaka yake wa toka nitoke, Abraham Cherono, alikuwa kwenye mbio hizo hizo amevalia rangi za Kenya. Nami nilikuwa mbele ya runinga nikifoka, "Msaliti! Ameuza bendera!"

Sheria ya Olimpiki ilimtaka aliyebadilisha uraia asubiri miaka mitatu, isipokuwa nchi aliyotoka imwachilie. Kenya ilikataa. Hivyo basi, kule Athens mwaka wa 2004, Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech walizoa nishani zote tatu. Nilishangilia hadi sauti ikanikauka. Siku chache baadaye, Septemba 3, Shaheen alikimbia Brussels kwa dakika 7 na sekunde 53.63, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2023. Katika Olimpiki hakuwahi kukimbia hata siku moja.

Hayo nilikwisha kuyasahau, hadi binti yangu, ambaye ni muuguzi, alipopata kazi Doha. Tulimfanyia harambee ya tiketi. Nilijigamba sokoni kote. Usiku wa kuamkia safari, akaniuliza akicheka, "Baba, nami utaniita msaliti kama yule mkimbiaji?"

Nilikosa la kusema. Kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sisemi sheria ya kungoja ifutwe. Bila hiyo, nchi tajiri zingenunua timu nzima kwa usiku mmoja. Lakini jembe la mwanariadha ni miguu yake, nayo haidumu. Miaka mitatu kwa karani si kitu. Kwa mkimbiaji ni mavuno yasiyorudi. Ningekuwa na usemi, ningemwachilia. Hata Kemboi alistahili kupimana nguvu naye.

Mwezi jana binti yangu alituma karo ya mdogo wake. Nilipoipokea, nilizikumbuka kelele zangu za 2003, nikaona haya.

Je, msomaji, wewe ulimwitaje?