RAM Yangu Ilinifunza Adabu

Wasee, wiki jana nilikaribia kupoteza mteja kwa sababu ya kiburi changu. RAM yangu ya DDR4 imeandikwa 3200. Nikaingia BIOS, nikaisukuma hadi 4000. Kompyuta ikawaka. Nikajiona injinia, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili.

Usiku huo gemu ikaanza kukwama-kwama. Kesho yake, skrini ya buluu, nikiwa katikati ya kuhariri video ya harusi. Nililaumu gemu, nikalaumu Windows, hata stima. Kila kitu isipokuwa mimi.

Mwishowe nikaweka MemTest86 kwa flashi. Dakika chache tu, makosa yamejaa skrini. Halafu nikajifunza kitu: kwa Ryzen 5 5600 kama yangu, ukifika 4000, kidhibiti cha memori kwa kawaida hushuka hadi nusu ya kasi ya RAM. Namba inapanda, gemu inazubaa.

Nikarudisha 3200, MemTest86 ikapita raundi nne bila kosa. Lakini faili mbili za harusi zilikuwa zimeshaharibika. RAM ikikosea haipigi kelele, inaandika makosa tu. Bahati yangu, video zenyewe zilikuwa bado kwa kadi ya kamera. Ningekuwa nimezifuta, ningemwambia bibi harusi nini?

Mamangu bado huuliza kama hii ni kazi kweli. Wiki jana ningekosa jibu. Kama kompyuta ndiyo inakulisha, weka nakala kabla hujaigusa. Na ukishaigusa, ipime usiku kucha kabla uiamini.