Swali la Karani wa Usharika

Tulipomzika shangazi kihambani, yaani kwenye shamba letu la ukoo, huko Machame, Kilimanjaro, historia ya marehemu ilisomwa na mjukuu wake, kijana wa chuo kikuu. Alifika kwa baba yake shangazi akaishia hapo. Zaidi ya huyo hakujua mtu. Baadaye alinifuata, akaniamkia, kisha akasema, "Baba mkubwa, hayo mengine si yapo mtandaoni?"

Mengine yapo, tena mengi kuliko alivyodhani. Lakini nataka yeye na wenzake wajue tulikuwa tunayapata wapi zamani, na kwa nini ya mtandaoni hayatoshi peke yake.

Utotoni mwangu, habari za ukoo zilitunzwa katika chumba kidogo ubavuni mwa kanisa, ofisi ya karani wa usharika. Kilinukia mafuta ya taa, wino na kahawa, maana magunia ya sadaka ya mavuno yaliwekwa humo. Karani alivaa koti la kaki mwaka mzima. Kitabu cha ubatizo alikitoa kabatini kwa mikono miwili, akakilaza juu ya kitambaa, na ole wako ulambe kidole ili ufunue ukurasa. Tulikwenda kwake kuomba vyeti vya ubatizo, kwa kuwa shule ilidai uthibitisho wa umri na wengi wetu hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa.

Kabla hajafungua aliuliza, "Wewe ni wa nani?" Ukimtaja baba, alinyamaza akisubiri. Ukimtaja babu, alisubiri tena. Ukikwama, alikurudisha nyumbani ukaulize, hata kama mvua inanyesha. Ukijibu sawasawa ndipo alifungua, naye akakueleza yasiyoandikwa kitabuni: kwamba msimamizi wa ubatizo wa babu yako alikuwa jirani wa ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, ndiyo maana nyumba zile mbili hazikukosekana kwenye misiba ya kila mmoja, kwamba bibi yako mzaa baba aliolewa kutoka Kibosho, kwamba walikuwepo wazee wawili wa jina moja, na ukitaka kuwatenganisha lazima ujue kihamba cha kila mmoja. Ukitoka pale, pamoja na cheti ulikuwa umebeba watu wako.

Tarehe za historia hiyo nimezikagua. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894. Kuhusu babu, kitabu kinasema alibatizwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza; shangazi alishikilia kwamba ilikuwa baada. Sikuona haja ya kubishana naye, kwa kuwa ni yeye aliyejua nani alisimama na babu siku ile, na nani alikataa kuja.

Karani alistaafu, akafariki. Sisi tulihamia Arusha na Dar es Salaam, vihamba vikagawanywa vipande, Krismasi ikawa siku chache za nyama na pombe ya mbege kabla ya kugeuza gari. Kitabu kilihamishwa, unyevu ukaingia kwenye kurasa. Leo ukoo una kundi la WhatsApp lenye watu wa mabara matatu, na kazi yake ni michango ya harusi. Jambo hilo linaniudhi kweli. Sijaona hata mmoja wetu akiweka humo jina la bibi aliyemzaa bibi yake.

Na vifaa vipo! Chuo Kikuu cha Southern California kimeweka mtandaoni, bure, hazina ya picha za wamisionari, zikiwemo za Misheni ya Leipzig huku Kilimanjaro: shule, walimu, maharusi, migomba. Usitafute kwa neno Machame tu. Andika pia Madschame na Dschagga, kama Wajerumani walivyoandika. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo imefungua picha za enzi ya ukoloni. FamilySearch, tovuti ya bure ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ina nakala za rejesta, na wahudumu wake wamewarekodi wazee wakitaja nasaba zao katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Ghana.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliofia vitani. Humo nilimtafuta ndugu yake babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi asirudi. Hayumo. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume hiyohiyo inakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo kijana asije akadhani kwamba asiyeonekana mtandaoni hakuwahi kuishi.

Picha nazo ni hivyohivyo. Mara nyingi jina la mmisionari aliyepiga picha limeandikwa. Mama aliyebeba ndizi ni "mwanamke wa Kichagga" basi. Nilimwonyesha shangazi picha moja. Alitambua bonde, akatambua mti, kisha akataja nyumba iliyokuwa pale. Wala si picha tu: mwaka 2023, makumbusho ya Berlin yalipotangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi ya ukoloni na ndugu walio hai, hata maabara ilihitaji kwanza watu wa ukoo wajitokeze.

Basi Desemba hii, vijana wetu, pakueni picha hizo, zichapisheni kubwa, muwapelekee wazee. Warekodini sauti. Andikeni jina, kihamba, mfongo, na mahali alikotoka mama. Anzeni na mabibi, kwa sababu majina ya wanawake ndiyo yanayopotea kwanza. Kisha nendeni ofisi ya usharika mkamwombe mchungaji ruhusa ya kupiga picha kitabu cha ubatizo, ukurasa kwa ukurasa, kabla unyevu haujakimaliza.