Moto Uko Kushoto

Ukipanda daladala ya Mbagala na dereva akaanza kukimbiza gari kama anafukuzwa, hamtakaa kimya. Mama mmoja kule nyuma atapaza sauti, "We dereva, umebeba watu, siyo viazi!" na gari zima litamuunga mkono. Konda atajibu ovyo, lakini ujumbe umefika. Sasa hebu wapandishe watu hao hao ndege. Mkanda kiunoni, soda mkononi, kimyaa. Injini ikilia vibaya watatazamana tu. Nani amwambie rubani? Si yeye ndiye aliyesoma?

Mambo haya niliyadadisi kwa dada wa rafiki yangu, ambaye ni mhudumu wa ndege. Nilidhani kazi yao ni kugawa karanga na kutabasamu. Akanicheka sana. "Mdogo wangu, karanga ni za kupitisha muda. Sisi tumewekwa mle kwa ajili ya siku mbaya."

Akanieleza hiyo siku mbaya. Ndege ya abiria yenye injini mbili imeundwa iweze kuruka na kutua kwa injini moja, kwa hiyo ikifa moja, si lazima iwe ndiyo mwisho. Mhudumu anafunga breki za toroli la chakula, anatazama, ananusa. Moshi unatokea wapi? Cheche ziko upande gani? Halafu anapiga simu ya ndani kwa marubani, kwa sababu katika ndege nyingi wao hawazioni injini kutoka walipokaa. Wanaona saa na taa tu. Kushoto na kulia huhesabiwa mtu akiwa ametazama mbele, maana mhudumu aliyewageukia abiria, kushoto kwake ni kulia kwao.

Kapteni naye humpa kiongozi wa wahudumu mambo manne: tatizo ni nini, tutafanya nini, zimebaki dakika ngapi, kuna agizo gani la ziada. Kiongozi lazima ayarudie yote, ijulikane ameyasikia sawasawa. Ndege ikishatua na watu wakatakiwa kutoka, mhudumu hafungui mlango kwanza. Anachungulia nje. Kama moto uko upande ule, anauzuia mlango huo na kuwapigia abiria kelele waende mwingine.

Nikamuuliza, kote huko lililo gumu zaidi ni lipi? Nilitegemea aseme moto. Akasema, "Ile simu." Kisha akanisimulia habari ya Kegworth.

Jioni ya tarehe 8 Januari 1989, ndege ya British Midland, Boeing 737-400, iliondoka London kwenda Belfast ikiwa na watu 126. Ikiwa juu ya futi 28,000, panga moja la feni ya injini ya kushoto likakatika. Ndege ikatetemeka, harufu ya moshi ikaingia. Marubani, katika haraka ile, wakaamini mbovu ni ya kulia. Walipoipunguza, mtetemo ukapungua, wakaona ndiyo yenyewe, wakaizima. Kumbe wamezima nzima, wamebaki na mbovu.

Kapteni akatangaza kwenye spika kwamba injini ya kulia imeleta matatizo, imezimwa, na watatua uwanja wa East Midlands. Kule nyuma abiria wengi walikuwa wameona moto kwa macho yao. Kushoto. Wahudumu watatu nao walikuwa wameona dalili zake, ila katika heka heka zile neno "kulia" halikuwaingia masikioni. Abiria waliolisikia walishangaa, wakanyamaza. Ikiwa imebaki chini ya kilometa tano kufika, injini ya kushoto ikafa. Ndege ikaanguka kwenye tuta la barabara kuu ya M1, uwanja ukiwa pale mbele tu. Walikufa 47.

Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 1990 ikapendekeza marubani na wahudumu wafanye mazoezi ya dharura pamoja. Siku hizi mhudumu hufundishwa hivi: usidhani kwamba rubani anajua. Mwambie.

Mimi siwalaumu abiria wale. Hawakuwa wajinga. Walimheshimu mtaalamu, kama tulivyofundishwa sote. Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mara nyingi ni kweli. Lakini Kegworth ulimi haukujikwaa. Ulitulia tu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wenzangu mnaohangaika na kalamu. Sisi hatushiki usukani wa kitu chochote. Hatuna saa wala taa za kutuonyesha mambo. Tumekaa nyuma, karibu na dirisha, na pengine faida yetu pekee ni kwamba tunaona bawa. Aliye mbele anaweza kuwa na elimu kutushinda, na mvi kutushinda, na bado asione tunachokiona sisi.

Nilimuuliza dada kama haogopi kumpigia kapteni wa umri wa baba yake na kumwambia, "Samahani Kapteni, ulichosema sicho ninachokiona." Alikaa kidogo, akavuta chai yake.

"Naogopa," akasema. "Lakini napiga."