Kabla Hujatia Sahihi

Eldoret, Jumapili

Mpwa wangu,

Mama yako goti limepata nafuu na mahindi yamekauka vizuri. Ninalokuandikia ni jingine. Nimesikia sokoni, wala si kinywani mwako, kwamba wakala amekuletea karatasi huko kambini Iten, ubadilishe uraia ukakimbie mbio kwa jina la nchi ya Ghuba.

Sikukatazi kwenda. Najua ada za wadogo zako. Lakini unalinganisha mshahara wa huko na posho ya hapa, basi. Linganisha pia kitakachobaki mkononi mwako baadaye: ukitia sahihi, ukifika miaka 26 utaweza kuchagua nini? Usipotia, je? Wewe wa miaka 26 utataka mambo ambayo wewe wa leo huyawazii.

Agosti 2003 Stephen Cherono, kijana wa Keiyo, alichukua uraia wa Qatar akaitwa Saif Saaeed Shaheen. Mwezi huo huo akashinda ubingwa wa dunia jijini Paris, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Ezekiel Kemboi akawa wa pili. Hapa mjini wengi walimtukana. Mimi sikumtukana, riziki ni riziki. Kisha ukaja mwaka wa Olimpiki. Sheria ilimtaka asubiri miaka mitatu, ila Kenya imwachilie mapema, na Kenya ikakataa. Kule Athens Wakenya wakazoa medali zote tatu, Kemboi akivaa dhahabu. Siku chache baadaye, Brussels, Cherono akaweka rekodi ya dunia ya 7:53.63, iliyodumu hadi 2023. Hakuna aliyekuwa na kasi kama yake, na Athens hakukimbia. Mshahara ulikuwa wake. Ruhusa ya kusimama kwenye mstari ilikuwa ya wengine.

Siku hizi mambo ni magumu zaidi. Tangu 2018 mwanariadha hubadilisha nchi mara moja tu, na husubiri miaka mitatu. Ukijuta, kurudi si rahisi. Katiba yetu ya 2010 inakuachia uraia wako wa kuzaliwa, lakini uliza sheria ya huko inasemaje.

Nakutaka ulinde uhuru wako wa kuchagua, ila pesa za mbio usijiachie uhuru nazo. Ziweke kwenye akiba ya sacco, ile isiyotoka mpaka ujiondoe uanachama. Najua utakavyozitaka Desemba, marafiki wakija na habari za gari. Baba yako alizishika mkononi zile za mavuno zikaisha, na lile shamba la Moiben nililomsihi asiuze sasa lina nyumba za watu. Hakunisikiliza, na hadi leo hajanitamkia neno.

 

Raba zako za kwanza nilinunua mimi, kwa hiyo nina haki ya kuulizwa. Mwambie huyo wakala asubiri. Jumamosi panda matatu uje na karatasi zote, hata zile za lugha usiyoisoma, twende kwa wakili pamoja. Nitamlipa mimi.

Mjomba wako