Kobe wa Beseni na Maji Yake

Kina mama wa darsa yetu wametuuliza swali ambalo vitabu vya madrasa havikulitaja kwa jina, ingawa jawabu lake limo katika mlango wa kwanza kabisa wa fikihi, nao ni mlango wa maji. Wasema: kobe anayefugwa ndani ya beseni, maji yake yana hukumu gani, na je, yafaa kumweka nyumba yenye watoto wadogo? Swali limetujia wakati wake. Si siku nyingi tulikuwa mjini Wote, kaunti ya Makueni, kwa binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko, na kobe wa namna hiyo tulimkuta kivulini nyuma ya jiko.

Sisi watu wa pwani twamjua kasa wa baharini, na twamjua kobe wa nchi kavu. Huyu ni wa tatu, kobe wa maji baridi. Ukambani huonekana zaidi pale mvua za Oktoba hadi Disemba zinapojaza silanga, yaani mabwawa ya udongo yaliyochimbwa kukinga maji ya mvua. Silanga ikikauka, hujifukia ndani ya tope akaingoja mvua nyingine, na subira yake hiyo huenda ikawa ya miezi. Gamba lake lina rangi ya tope lenyewe, kucha zake ni ndefu, na shingo haivuti ndani moja kwa moja kama kobe wa nchi kavu, bali huikunja ubavuni. Akishikwa hutoa harufu mbaya sana. Ndiyo silaha aliyopewa.

Mjukuu wetu, mwenye miaka tisa, alimwokota kando ya silanga baada ya mvua, akampa jina Sultani. Sultani mwenyewe alikuwa katika hali ya kusikitisha. Maji yamekuwa kama chai iliyolala, kipande cha samaki kinaoza chini, gamba lina utelezi, na hapakuwa na hata jiwe la kupandia. Kobe huyu hupumua hewa kama sisi; hana budi apate pahali pa kutoka majini, ajipumzishe na akauke. Tulipomuuliza mama mtu, alitujibu kwa adabu lakini kwa uchungu: “Ami, hapa maji twanunua kwa mtungi. Nikimmwagia kobe lita 20 kila siku, mimi nitafua na nini?”

Jibu hilo si la kudharauliwa. Ukambani maji ni mali, na mwanamke ndiye ajuaye uzito wake, maana aghalabu ndiye ayabebaye. Lakini mnyama aliyefungiwa hawezi kwenda kujitafutia. Sote twakijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ale wadudu wa ardhini, na twayajua yaliyompata. Twamjua pia Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na ndege wa kuchezea, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomuuliza habari za ndege wake kwa upole. Wanazuoni wametoa katika kisa hicho ruhusa ya mtoto kufuga, kwa sharti kwamba mnyama asiteswe. Basi maji ya kobe ni deni la mwenye kumfunga. Asiyeweza kulilipa, asimfunge.

Kulikuwa na jambo jingine lililotutia hofu. Mdogo wake mjukuu wetu, mtoto wa kutambaa, alikuwa ametoka kuugua tumbo la kuhara juma lililotangulia. Hatusemi ni kobe aliyemwambukiza. Hilo Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini kobe wengi hubeba tumboni vijidudu viitwavyo salmonela, nao wenyewe wakaonekana wazima kabisa. Vijidudu hutoka na kinyesi, vikaingia majini, vikashika gamba, kisha mkono wa mtoto, kisha kinywa chake. Kwa sababu hiyo, Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika kiasi cha sentimita 10, kwa kuwa hao wadogo ndio watoto huwaweka hata mdomoni.

Basi tulikunja kanzu. Tulimhamishia kobe kwenye ndoo, tukayamwaga yale maji chini ya mpapai. Hatukuyamwaga kwenye tuta la dania, kwa kuwa dania huliwa mbichi katika kachumbari. Wala hatukusogea karibu na karo la jikoni au pahali pa kutawadhia. Beseni tulilisugua kwa brashi na siki, tukalisuuza mpaka harufu ya siki ikaondoka. Sabuni na jiki hatukutumia, maana masalio yake humdhuru kobe. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yafaa yakae wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kumwekea. Ya mvua, kama tangi ni safi, hayana haja hiyo.

Na kuhusu ule mtungi wa lita 20, dawa yake ni nyepesi kuliko tulivyodhani. Kinachoharibu maji upesi ni chakula kinachobaki, pamoja na kinyesi ambacho aghalabu hufuata baada ya kula. Vikioza hutoa amonia, nayo huunguza macho na ngozi ya mnyama. Tulimwagiza mjukuu amlishe Sultani ndani ya ndoo ndogo ya peke yake, yenye maji lita 3 tu, amwache humo kitambo baada ya kula, kisha amrudishe. Uchafu mwingi ukabaki ndooni. Beseni likawa labadilishwa nusu ya maji kila baada ya siku moja, na mpapai ukanywa yote. Mama mtu akaridhika.

Tuliweka jiwe bapa la kupandia, na kila asubuhi beseni likasogezwa juani, nusu yake ikiachwa kivulini ili akizidiwa na joto apate pa kukimbilia. Jua lipitalo kwenye kioo cha dirisha halitoshi, kwa kuwa kioo huzuia ile miale inayomsaidia kujenga gamba. Chakula kikawa dagaa wazima na mifupa yao, nyungunyungu, na majani kidogo. Nyama tupu ya kila siku hulegeza gamba. Macho yakivimba, au madoa laini yenye harufu yakitokea gambani, huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Sasa hukumu. Kobe akiwa hai ni tohara katika madhehebu yetu ya Shafi, lakini kinyesi chake ni najisi. Maji yaliyobadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi ni najisi, yawe machache au mengi. Na maji ya beseni hayakaribii kulatayni, ambayo wengi huikadiria kuwa kiasi cha lita 200. Basi yakirukia nguo ya sala, ioshwe. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa kobe.

Lilibaki jambo zito kuliko yote. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na Sultani hakuzaliwa dukani. Mjukuu alilia siku nzima, nasi hatukumkataza kulia. Sultani alipochangamka tuliwaarifu maafisa wa wanyamapori, kisha akarudishwa katika silanga ileile aliyotoka, ingali na maji. Lau angekuwa yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, ambaye asili yake ni Marekani na huuzwa kwa wafugaji, tungemkataza asimtie katika silanga wala mto wowote, kwa kuwa huyo huwanyang'anya wenyeji chakula na pahali pao. Na mwenye kusafiri Kitui akimwona kobe bapa kama chapati katika nyufa za miamba, amwache. Huyo hutaga yai moja tu kwa wakati, na tangu mwaka 2019 biashara ya kimataifa ya kumtoa porini imekatazwa.

Mama mtu alituuliza kama beseni lioshwe mara saba. Tulicheka. Mara saba, mojawapo kwa udongo, ni kwa mbwa na nguruwe; la kobe laoshwa mpaka najisi itoke. Hata hivyo tulimwomba lisirudi jikoni, kwa ajili ya vile vijidudu. Amelitoboa chini, akapanda asumini.